Karafuu Kwenye Nywele za Wening

Tega sikio, nami nitege kitendawili. Mgeni wangu habishi hodi wala haombi kiti, lakini akishaondoka, pazia humtaja siku tatu nzima. Ni nani huyo?

Mjukuu wangu Wening alikijibu akiwa na miaka minne, amekaa mapajani mwangu, kifua chake kikilia kama filimbi ya mwanzi. "Moshi wa baba," alisema. Nilicheka, nikampa kipande cha tempe, ile soya yetu iliyochachushwa, kilichotoka kwenye kikaango muda huo huo, nikasema mtoto huyu ana akili ya kuuza. Nikikumbuka kicheko kile sasa, natamani ningekimeza.

Jina langu Sarmi, ila mtaani wananiita Mbah, kama wanavyoitwa mabibi wote. Niliishia darasa la sita, nikaingia kiwandani kusokota sigara za karafuu, na humo nikakaa miaka thelathini na mmoja. Hapa Kudus, mji wa viwanda vya sigara, hilo si la kusimulia. Wanawake wa rika langu tumezeeka vidole vikiwa na rangi ya chai. Sikuwahi kuvuta hata moja. Na nilijisifia jambo hilo, kama mgema anayejisifu kwamba yeye halewi.

Mama yake Wening, Yayuk, yuko Taiwan anatunza wazee wa watu. Siku anapanda basi alinishika mkono akaniambia maneno matatu tu: "Mbok, kifua chake." Mbok ni mama. Nikamjibu, "Nenda mwanangu, kifua chake ni kifua changu." Hivyo nilivyosema. Nyumbani tukabaki watatu, mimi, Wening na baba yake, Kuncoro, mwanangu wa pekee. Kuncoro huchora picha nyuma ya malori: simbamarara, milima ya moto, wasichana wenye macho makubwa. Mkono wa kulia brashi, wa kushoto sigara. Msimu wa mvua mbao zake alizichorea sebuleni, kwa sababu uani kunavuja.

Kikohozi kilipozidi tulimpeleka kliniki siku ya Jumatano, siku ya daktari wa watoto. Daktari Retnani ni mwanamke mdogo wa umbo, sauti yake ya chini, unaweza kudhani ni mwanafunzi amekalia kiti cha mwalimu. Kuncoro alibaki nje kwenye benchi. Alisema hapendi harufu ya dawa, lakini mimi nilijua alichobakia nje kukifanya.

Daktari alimsikiliza Wening mgongoni, mbele, mgongoni tena. Akaniuliza, "Mbah, nyumbani nani anavuta?"

"Hakuna," nikasema.

Halikuchukua hata pumzi moja kutoka. Sikupanga kusema uongo, haki ya Mungu. Ni kwamba alikuwa na kalamu mkononi, na daftari la mtoto liko wazi, na mimi niliona jina la mwanangu likiandikwa mle kama mtu aliyeiba kuku.

Daktari akamwinamia Wening amshushe mezani. Akanusa. "Mbona nywele zake zinanukia karafuu?"

"Ni mimi huyo, Daktari," nikacheka. "Mimi msokotaji wa kiwandani. Nikirudi, ananirukia kabla sijaoga."

Akacheka naye. Mtaa mzima unanukia hivyo, nani angenipinga? Akafuta kitu kwenye daftari, akaandika kingine. Mimi nilikuwa nimestaafu miaka minne.

Hapo ndipo tabu ilipoanzia, na ilimwangukia asiyehusika. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na moshi, daktari alitafuta sababu kwingine. Aliuliza kuhusu vumbi, akauliza kuhusu wanyama. Tulikuwa na paka, Gembul, mnene kama mto wa kulalia, na Wening alikuwa analala naye. Daktari akasema tumwondoe kwa muda tuone. Nikampeleka kwa binamu yangu Demak ndani ya kikapu. Wening alilia mpaka kikohozi kikamkata kilio. Gembul akazoea huko huko, akazaa, basi ikawa hivyo.

Kifua hakikupona. Tukatupa godoro la sufi. Mtoto akalala kwenye mkeka. Kifua hakikupona. Daktari akataka damu. Nilimshika Wening mkono mwenyewe, sindano ikaingia, naye hakumtazama muuguzi, alinitazama mimi. "Mbah, nimefanya nini?" Nikamwambia, "Hujafanya kitu, Nduk, binti yangu, ni kwa ajili ya afya." Maneno ya kweli yalinikaa kooni kama mfupa wa samaki, na bado sikuyatoa.

Utaniuliza, je, Kuncoro alijua? Hakujua. Nilikuwa ninamwambia, "Daktari anasema ni paka." Kisha, "Daktari anasema ni godoro." Naye akavuta huku akilaani godoro. Mara mbili tatu nilimwambia, "Vutia nje, Le, mwanangu," akatoka, akavuta mlangoni, na upepo ukaurudisha wote ndani.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikwisha kuzaa, nikaficha uchi wa niliyemzaa.

Jumatano moja, asubuhi ya mvua kubwa, Kuncoro alikuwa anamalizia simbamarara wa lori la mchele, madirisha yamefungwa. Niliingia na uji nikamkuta Wening amekaa wima kwenye mkeka, mabega yanapanda na kushuka, midomo rangi ya zambarau. Halii. Hana pumzi ya kulilia. Kuncoro aliitupa brashi, akambeba, tukaenda kwa pikipiki watatu tumejifunika koti moja la mvua.

Kliniki wakamwekea barakoa ya mvuke. Nilikaa kando ya kitanda nikimsikiliza. Mashine inanguruma, filimbi ya kifua inapungua kidogo kidogo. Daktari Retnani aliingia amelowa mabega. Alisimama muda mrefu akipekua daftari.

"Mbah, nakiri nimekwama," alisema. "Paka ameondoka. Godoro limeondoka. Damu haioneshi kitu. Dawa ninayompa ingepaswa imsaidie. Itabidi nimpeleke hospitali kubwa Semarang. Watampiga picha, huenda watamlaza wamtazame ndani kwa mrija."

"Mrija unapita wapi?"

"Kooni."

Nilimtazama mtoto. Vidole vyake vilikuwa vimeshika kidole changu kimoja, hiki hapa, chenye rangi ya chai.

"Daktari," nikasema, "mimi nimestaafu miaka minne."

Hakuelewa mara moja. Kisha nikaona ameelewa, maana alilifunga daftari polepole. Nilingoja anipigie kelele. Ningeshukuru angenipigia kelele. Mtu akikugombeza unapata pa kushika. Unaweza hata kukasirika kidogo. Yeye aliuliza tu, "Ni nani, Mbah?"

"Mwanangu. Baba yake. Sebuleni. Tangu azaliwe." Yote yakamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. "Ile damu mliyomtoa, mlimtoa kwa ajili ya ulimi wangu."

"Mbah si wa kwanza kunificha," alisema. "Wapo wanaoficha pakiti ndani ya nepi wakija hapa. Labda nauliza vibaya." Kisha akasema, "Mwite. Na tafadhali usimgombeze mlangoni. Akiingia ameshagombezwa, hatanisikia."

Kuncoro aliingia akiwa na rangi ya simbamarara kwenye kidevu. Nilimwambia mbele ya daktari nilichokifanya. Alinitazama. "Kumbe siyo paka?"

"Siyo paka, Le."

Akakaa chini, si kwenye kiti, sakafuni kabisa, mgongo ukutani, akafunika uso.

Daktari akavuta kigoda akakaa karibu naye, magoti yakakaribia kugusana. "Pak Kuncoro, mimi ni daktari wa watoto. Lakini mgonjwa wangu anavuta pumzi inayotoka kwako, basi na wewe umekuwa wangu. Sitakusomea hotuba, maonyo unayaona kwenye kila pakiti. Nina maswali machache. Ukiamka, ya kwanza unaivuta baada ya muda gani?"

"Kabla sijaweka miguu chini."

"Umeshawahi kujaribu kuacha?"

"Mara mbili. Siku ya tatu nilitaka kupigana na ukuta."

"Siku ya tatu ndiyo jogoo wa kijiji, inawapiga wote. Safari hii hutakuwa peke yako nayo. Ulianza ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Nani alikupa?"

Kuncoro alitazama sakafu. "Marafiki," alisema.

Daktari akaandika: marafiki. Na mimi nikanyamaza.

Haikuwa marafiki. Ilikuwa siku ya tohara yake. Alikaa kwenye kiti kilichopambwa, sarungi mpya imenyanyuliwa isimguse kidonda, wageni wakimwekea zawadi, naye anauma midomo asilie. Huku kwetu mvulana akishatahiriwa huonjeshwa sigara, ajulikane amevuka. Mimi nilimsokotea yake kwa mkono wangu, tumbaku ya daraja la juu niliyopewa na msimamizi, nikaiwasha kwenye kaa la jiko, nikamtia mdomoni. Nikasema, "Sasa ni mwanaume." Alikohoa, watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Kumbe alikuwa ananikumbuka vizuri sana, na pale sakafuni, mwanawe ana barakoa usoni, alinisitiri. Nikakubali kusitiriwa.

Daktari aliandika dawa ya Wening ukurasa mmoja, na chini yake, kwenye daftari hilo hilo la mtoto, akaandika ya baba: chingamu ya dawa ya kutafuna hamu ikimshika, na namba yake ya simu. Wakachagua siku pamoja, Jumatatu. Alimweleza kwamba kuvutia nje hakutoshi, moshi huingia ndani umevaa shati. Kuncoro akauliza, "Na nikishindwa?" Daktari akasema, "Njoo uniambie umeshindwa. Ndiyo kazi yangu. Usiponiambia, nitaanza kutafuta paka mwingine." Hapo Kuncoro alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye jino bovu.

Jumatatu akaacha. Siku ya tatu alifua kila pazia la nyumba, akaning'iniza, akayafua tena. Alimchora simbamarara mmoja amekasirika hivi kwamba mwenye lori aliongeza shukrani. Simu yake ilikuwa inalia ujumbe wa daktari: "Leo je?" Naye anajibu, "Natafuna." Wiki ya pili Wening alikimbia kutoka kisimani hadi mlangoni bila kusimama. Nilisikiliza mgongo wake kwa sikio langu, kimya. Nilijua kimya hicho kinakaa juu ya uzi, na uzi huo ni baba yake.

Sasa, ilikuwa imekaribia siku ya elfu tangu kifo cha mume wangu. Siku ya elfu huku kwetu ndiyo ya mwisho. Ukishaifanya, marehemu umemwachilia. Wanaume wa mtaa huja kusoma dua, wanakula, wanaondoka na vikapu vya chakula. Na katikati ya mikeka huwekwa sahani za sigara. Mwenye nyumba asiyeweka sahani hizo amewavua nguo wageni wake. Mume wangu mwenyewe alikufa kwa kifua, nasi tulisema ni uzee, ingawa hakuwa amefika sitini.

Kuncoro aliniambia, "Mbok, sigara tusiweke, ee?" Nikamwambia, "Tusiweke." Kisha siku iliyofuata nikaenda sokoni, nikanunua pakiti ishirini, nikazifukia kwenye debe la mchele. Sikusema nitazitumia. Nilisema ni za tahadhari. Naona aibu kulisimulia hili kuliko yote niliyokwisha kusimulia, kwa sababu safari hii nilijua.

Baada ya alasiri wanaume walifika, kama thelathini. Jirani yangu Bu Darsini alikuwa jikoni ananisaidia kupakua. Mwanamke mwema, ila mdomo wake hauna kitasa.

"Mbah, sahani ziko wapi?"

"Safari hii hatuweki."

"Hamuweki!" Akaangusha mwiko. "Msokotaji wa miaka thelathini anawapa watu chai na macho? Watasema mzee mmemzika kwa mkono wa birika, na sasa mnamuaga kwa ngumi."

"Waseme."

"Watasema Yayuk anatuma pesa na nyinyi mnazila."

Hapo ndipo aliponipata. Nikafungua debe. Bu Darsini alizipanga kwenye sahani nne kama anapanga maua, akaniwekea sinia mikononi. "Nenda. Dua imekwisha."

Nilisimama kizingitini. Wening alikuwa mapajani mwa baba yake, anacheza na vifungo vya shati lake safi. Kuncoro aliinua macho akaliona sinia. Sitasahau alivyolitazama. Hakuwa na hasira. Alilitazama kama mwenye njaa anavyoutazama wali wa jirani, kisha akanitazama mimi, na macho yake yakawa ya yule mvulana wa miaka kumi na mmoja kwenye kiti cha mapambo, anamngoja mama yake amwambie afanye nini.

Pak Jumadi, mzee wa kona, alishanyoosha mkono. "Mbah, lete bwana, ulimi umekauka kwa dua."

"Hazitoki," nikasema.

Watu wakacheka. "Zimetoka tayari, Mbah, ziko kwenye sinia!"

"Zimetoka jikoni na zitarudi jikoni."

"Miaka thelathini umetusokotea, leo unatufungia duka?" Pak Jumadi alisema, na wote wakacheka tena.

"Pak Jumadi, mtoto huyu alikuwa anakufa," nikasema. "Daktari aliniuliza nyumbani nani anavuta, nikamwambia hakuna. Niliona haya. Akachomwa sindano kwa ajili ya haya yangu. Na Kuncoro mnayemwona, ya kwanza hakupewa na marafiki. Nilimpa mimi, siku ya tohara yake. Wengi wenu mlikuwepo. Mlipiga makofi. Niliisokota mimi, nikaiwasha mimi, nikamtia mdomoni mimi. Sasa anataka kuacha, na leo hii nilikuwa naenda kumtia tena."

 Kijiko kilianguka jikoni kwa Bu Darsini. Modin, aliyeongoza dua, alitazama kiberiti alichokuwa amekishika, akakirudisha mfukoni. Pak Jumadi akakohoa. "Basi sisi tutatoka barabarani, Mbah. Si kwa ubaya." Wakainuka kama kumi, wakatoka wameinamisha vichwa kama watoto waliofukuzwa darasani. Wengine wakabaki wanakula kwa haraka, chakula kisicho na mazungumzo.

Kuncoro alimshusha Wening taratibu. Akapita karibu yangu. "Mbok," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nilikuwa nimeshakusitiri. Kwa nini umejivua mbele za watu?" Akatoka nje akawafuata.

Sikumzuia. Nilirudi jikoni nikazichovya zile pakiti kwenye ndoo ya maji machafu, moja moja, huku Bu Darsini akiosha vyombo. Baadaye alisema tu, "Hata mimi wa kwangu nilimpa." Akaendelea kuosha.

Wageni walipokwisha kwenda, Kuncoro aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameshavua shati, amelishika kwa ncha za vidole. Akaliweka ndani ya beseni la maji kabla ya kumkaribia mtoto.

"Nimevuta moja," alisema. "Pak Jumadi hakunipa. Niliomba mwenyewe."

Nikataka kusema haidhuru. Nikataka kusema ni kosa langu. Nikasema, "Jumatano ni keshokutwa."

"Najua."

Jumatano tulikwenda. Wening hakuwa mgonjwa, ilikuwa zamu yake ya kupimwa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, namna nitakavyomweleza daktari kuhusu shughuli, na wageni, na mila, na debe la mchele, ili ile moja ya Kuncoro ionekane ndogo. Tulipoitwa nilinyanyuka kwanza, kama nilivyozoea. Kuncoro akanigusa bega.

"Kaa, Mbok. Leo naingia mimi."

Akamchukua binti yake mkono, akaingia. Mlango haukufungwa sawasawa. Nilisikia kiti kikivutwa, nikasikia daktari akisema habari za asubuhi, na kabla hajauliza lolote, nikamsikia mwanangu: "Daktari, siku ishirini na nane, kisha moja. Naona aibu kukuambia."

Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa benchi kwa mikono miwili nisisimame kwenda kumsemea.

"Na jana?" daktari aliuliza.

"Jana hapana."

"Kaa tuanze na jana," alisema daktari. "Wening, geuka nikusikilize mgongo."